Daktari Amfuate Mzee Nyumbani
Hotuba ya Kamati ya Afya katika harambee ya mwaka

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Webuye usiku ili mfike hapa Nairobi, akina mama, ndugu na marafiki wa chama:

Tumepewa dakika kumi na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini, kwa hiyo hatutazunguka. Mwaka huu kamati ya afya haiombi jengo. Tunajua wengine wenu mlikuja mkitarajia ramani ya wadi ya wazee. Jengo lina utamu wake: hupigwa picha, na majina ya waliochanga huandikwa ukutani. Lakini mzee tunayemchangia hawezi kufika kwenye jengo hilo. Magoti yamekataa, bodaboda inamtia hofu, na mjukuu wa kumsindikiza yuko shuleni.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kwetu wamo waliofanya kazi katika kiwanda cha karatasi hadi kilipofungwa 2009, na waliolima miwa maisha yao yote. Watoto wao ndio sisi, na tumetawanyika. Mama anapiga simu kwamba mgongo unauma, tunatuma pesa. Wiki mbili baadaye ni kizunguzungu, tunatuma tena. Pesa inafika, dawa inanunuliwa, na hakuna hata mtu mmoja anayejua dawa zote anazomeza.

Wauguzi wawili walio katika kamati yetu walitusihi tulieleze hili taratibu, kwa sababu wameliona mara nyingi. Mzee ana presha na amepewa dawa kliniki. Magoti yanamuuma, ananunua dukani vidonge vya maumivu vya bei nafuu, kama diclofenac. Vidonge hivyo vikimezwa siku nyingi hupandisha presha na kuumiza figo. Presha ikipanda, anakwenda kliniki nyingine na kuongezewa dawa ya pili, mara nyingi ile ya kukojosha. Sasa anaamka usiku mara tatu kwenda choo cha nje. Akisimama ghafla kichwa kinazunguka, anaanguka gizani, na nyonga inavunjika. Ukiuliza, utaambiwa Kukhu aliteleza tu. Hakuteleza tu. Kila aliyemtibu alitibu kipande kilichokuwa mbele yake, na vipande havikuwahi kuwekwa meza moja.

Hiyo ndiyo kazi ya daktari wa familia. Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, kilianza kufundisha madaktari wa aina hii mwaka 2005, na hospitali yetu ya Webuye imekuwa mojawapo ya sehemu wanazojifunzia. Mtu asione vijana wamebeba vitabu akadhani wanakuja kujifunzia kunyoa kwa wazazi wetu. Hao ni madaktari waliokwisha kuhitimu, wakarudi darasani kusomea ubingwa wa kumtibu mtu tangu utotoni hadi uzeeni, pamoja na nyumba anamoishi, na wanasimamiwa na walimu wao.

Daktari kama huyo akiingia nyumbani, jambo la kwanza huomba mfuko wa dawa. Wote, hata ule ulio chini ya mto. Anaumwaga mezani, na mara nyingi tiba ya siku hiyo ni kuondoa dawa, si kuongeza. Kisha anapima presha mzee akiwa ameketi au amelala, halafu anapima tena akisimama, maana ikishuka sana hapo ndipo kizunguzungu kinapotoka. Anamwomba asimame kutoka kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Mnaweza kupima wenyewe Desemba. Saa ya simu inatosha, ila mtu asimame karibu naye. Daktari anaangalia pia macho na masikio, choo kiko umbali gani, nani anapika, na kama mzee anakula au anasema tu amekula.

Hapa kuna jambo zito kidogo. Mzee anayesahau majina ya watoto, anayepotea njia ya shambani, anayeongea peke yake usiku, wapo watakaosema amerogwa. Wengine watasema yeye ndiye mchawi. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa shutuma za namna hiyo, na tusijidanganye kwamba maneno hayo hayasemwi kwetu. Kusahau kunakozidi polepole huenda ni ugonjwa wa ubongo. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla, jana mzima leo hajui aliko, mara nyingi ana maambukizi, pengine ya mapafu au ya mkojo, hata kama mwili hauna joto. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingojee sisi tutume pesa mwisho wa mwezi.

Tumeulizwa kama wahudumu wa afya ya jamii hawatoshi. Mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari, na kazi yao tunaiheshimu; wao ndio watakaomwonyesha daktari nyumba za kuanzia. Lakini mashine ikisoma 190, lazima awepo wa kuamua dawa gani ibaki na ipi iondoke.

Basi tunaomba vitu vitatu. Pikipiki mbili na mafuta ya mwaka mmoja. Ukarabati wa ile nyumba ya chama iliyo nyuma ya soko, ili madaktari wawili waweze kulala humo. Na daftari gumu moja kwa kila mzee, litakalokaa nyumbani kwake, kila anayemtibu aandike humo alichompa. Pesa zikipungua, tutaanza kwa kuacha ukarabati. Daftari hatutaliacha.

Mkutano huu ukiridhia, barua itapelekwa chuoni na hospitalini wiki ijayo. Hatuwezi kuwaamulia. Wasipokubali, pikipiki zitatumiwa na wahudumu wa jamii, na hesabu ya kila lita ya mafuta italetwa hapa hapa mbele yenu.

Katikati ya kijitabu hiki kuna fomu. Upande wa kwanza andika ahadi yako. Upande wa pili, utakaosomwa na wauguzi wetu peke yao, andika jina la mzee wako, kijiji, nani analala naye nyumba moja, na dawa anazomeza. Kama dawa huzijui, toka nje umpigie sasa hivi, kabla ya chakula. Tutakungoja.