Propela Iliyong'ata Mwamba

Msikilizaji, ukipita Chwaka, Unguja, maji yamekupwa ukamkuta nahodha amechutama nyuma ya boti lake, kashika panga la propela kwa vidole viwili kama mzazi anayepapasa paji la mtoto mwenye homa, mpe salamu fupi upite. Ana hesabu kichwani. Kamusi zetu zinakiita kifaa hicho rafadha, lakini ufukweni tunasema propela, nami leo nitasema kama ufukwe unavyosema.

Hesabu yake ni hii: aigonge inyooke, aipeleke kuchomelewa, au anunue mpya?

Hesabu hiyo niliwahi kuifanya mwenyewe, nikaikosa. Mimi na ami yangu tulikuwa na boti la faiba lenye mashine ya nguvu farasi 40, tukivusha watu kati ya Chwaka na Michamvi. Ghuba ile siku za bamvua haina huruma. Maji hushuka zaidi ya mita 3, na njia uliyopita asubuhi ukiimba, adhuhuri unaikuta akina mama wanaokota kombe. Siku moja tulichelewa kurudi, panga likang'ata mwamba. Ncha ilipinda, kikaondoka kipande kama ukucha wa dole gumba, na chini kabisa, panga linapoungana na kitovu, pakatokea mstari mwembamba kama unywele. Tuliuona sote wawili. Tukakubaliana kuwa ni mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo hauna gharama. Ami akauliza bei ya propela mpya, akanyamaza kidogo, kisha akauliza fundi wa kuchomelea anapatikana wapi.

Fundi akajaza, akasaga, akapiga msasa, propela ikang'aa kuliko siku tuliyoinunua. Haikumaliza wiki mbili. Panga lilikatika pale pale penye unywele, katikati ya ghuba, kusi imeshika. Tukarudi kwa upondo, na abiria mmoja, Mungu amjalie, akihesabu kwa sauti kila tulipouchoma mchangani.

Fundi simtupii lawama zote. Alipewa ncha aitengeneze, akaitengeneza. Ule ufa hakuna aliyemwonyesha. Lakini na aluminiamu, ambayo ndiyo inayotumika kwenye propela nyingi za mashine hizi za kufunga nyuma, ina unafiki wake mbele ya moto. Chuma kikipata joto huwa chekundu, ukajua sasa kimeiva. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kubadilika rangi kukupa taarifa. Unaipasha, unaitazama, ghafla imeanguka miguuni. Na weldi yake ikibeba vijitundu vya hewa ndani, msasa huvifunika vizuri sana.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi si jeraha ni kubwa kiasi gani. Nauliza liko wapi. Ukingo uliochubuka kwa mchanga na changarawe, huo ni wa tupa: unalainisha, unaendelea na safari. Ncha iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa na mtu anayejua kuipasha taratibu, na mara moja tu, maana aluminiamu inayokunjwa na kukunjuliwa huchoka kama waya unaoukata kwa mikono. Lakini ufa kwenye shina la panga, hapo penye kubeba msukumo wote wa boti, hauna mjadala. Propela hiyo itupe. Hata kwenye meli kubwa, zenye propela za shaba nyeusi ambazo hutengenezwa na kurudishwa baharini kwa miaka mingi, kanuni za ukaguzi huligawa panga kwa kanda: nje kuelekea ncha unaruhusiwa kuchomelea, kwenye shina, upande unaosukuma maji, kwa kawaida hairuhusiwi. Wenye meli wana pesa na mafundi kuliko sisi, na bado wanaliogopa shina.

Najua nitapigiwa simu na wanaosema, "Mbona langu limekatika kona na boti linakwenda vilevile?" Tena mwenzao wa zamani yupo. Mwaka 1837, Mwingereza mmoja mkulima, Francis Pettit Smith, alikuwa akijaribu boti dogo kwenye mfereji wa Paddington, London. Propela yake ilikuwa ya mbao, ndefu, imejisokota mizunguko miwili kama skrubu. Ikagonga kitu majini, karibu nusu ikakatika, na boti likaongeza kasi! Kisa hicho ni cha kweli, na nadhani kila nahodha wa Unguja anajiona ni Smith. Ila Smith alipoteza mzunguko mzima uliokuwa wa ziada. Wewe umepoteza kona ya panga moja kati ya matatu, na hao wawili waliobaki hawajaambiwa.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Kila propela ina kipimo kinachoitwa pichi: umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau maji yangekuwa magumu kama ubao, nayo ikawa skrubu. Ukiona 13 imeandikwa kwenye kitovu baada ya kipimo cha upana, maana yake ni inchi 13. Panga moja likipinda, hilo linavuta inchi 12 na wenzake 13, na shafti inapokea ngumi kwa kila mzunguko. Huna haja ya mtambo kulijua hilo. Ilaze propela juu ya ubao ulionyooka, simamisha kijiti pembeni, zungusha panga moja moja lipite mbele ya kijiti, utie alama linapogusa. Panga lenye alama yake peke yake ndilo mgonjwa.

Mtikisiko wa ngumi hizo nahodha huuzoea. Baada ya wiki hausikii tena, na abiria wanadhani ndivyo boti lilivyo. Beringi hazizoei. Sili ya shafti nayo inalegea, maji ya chumvi yanaingia ndani ya gia, na siku ukifungua skrubu ya chini oili inatoka kama chai ya maziwa. Ukifika hapo, ile propela mpya uliyoiona ghali utaikumbuka kwa mapenzi. Ndiyo maana nasema anayelinganisha bei ya weldi na bei ya propela analinganisha vitu visivyohusika. Upande wa pili wa mizani yake iwekwe gia.

Mashine ikinguruma na boti likabaki palepale, usiyaseme mapanga kabla hujaangalia kitovu. Ndani yake, kwenye propela nyingi za aina hii, mna bushi ya mpira, imewekwa ipokee kishindo kabla hakijafika kwenye gia. Ikichoka inateleza. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, toka ukavute mzigo, urudi utazame. Mstari ukiwa umeachana, bushi imekwisha, na pengine hiyo tu ndiyo inayotaka kubadilishwa. Na ukishaivua propela, tafadhali angalia nyuma yake. Kwa ghuba zetu zilivyojaa mashamba ya mwani, utakuta kikamba cha taitai au mshipi umejizungusha kwenye shafti, unaisaga sili kimyakimya.

Kuhusu kununua mpya nitasema kidogo, maana wauzaji wanasema vya kutosha. Mpya isiyo na pichi yako ni mbaya kuliko ya zamani iliyopigwa tupa. Pichi ikizidi, mashine inabeba mzigo kama punda wa kupanda jabali. Ikipungua, inapiga kelele na kujichosha bure. Kitabu cha mashine kinasema inapaswa kufika mizunguko mingapi ikifunguliwa yote. Inchi moja ya pichi huhamisha mizunguko kama 200 kwa dakika. Jaribu boti likiwa na watu na mizigo yao, usijaribu peke yako na dumu la mafuta.

Ami alikuja kununua mpya, baada ya siku tatu za kukaa pwani bila nauli hata moja. Miezi sita baadaye akanunua nyingine, ya mtumba, ncha zake zimepigwa tupa na kupimwa kwa kijiti mbele ya macho yangu. Hiyo haifungwi kila siku. Imeviringishwa kwenye gunia chini ya benchi la nyuma, pamoja na spana, nati na pini ya akiba, na tukiguswa na mwamba tunabadilisha majini, tunashusha watu Michamvi, kisha jioni ndiyo tunakaa kujadili kutengeneza au kutupa, tumeshakula.

Ile ya kwanza, yenye mapanga mawili, iko kwenye banda la ami. Kusi ikivuma, inazuia mlango usijibamize.