Kumuuguza Asiyesema

 

Nilipowaarifu kwamba nasomea uuguzi wa wanyama, baadhi yenu mlicheka: “Umevuka bahari ili uoshe mbwa?”

Masomo haya ni ya miaka 3 katika Chuo Kikuu cha Kilimo, Uppsala. Twafundishwa kumwangalia mnyama aliyetiwa dawa ya usingizi, kupiga picha za eksirei na kusaidia katika upasuaji. Tangu mwaka 2010 kazi hii ina leseni ya serikali.

Babu yetu alipofiwa na ng'ombe kwa ndigana kali iletwayo na kupe, karo za wanawe zilipotea pia. Hakuwapo mtaalamu wa kumwita. Basi kijana wenu akichagua Uppsala, au chuo cha mifugo cha Tengeru kule Arusha, msimcheke. Mpeni radhi zenu.