Fungu Letu na Fungu la Mfadhili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Katika mkutano uliopita palizuka hoja ambayo haikumalizika kwa kuwa usiku ulikuwa umekwenda sana. Ilikuwa hoja ya kuomba ruzuku ili tujenge chumba cha kusomea na darasa la jioni. Ndugu mmoja alisema ya kuwa kuomba ni kujidhalilisha. Ndugu mwingine akamjibu ya kuwa fedha ya bure haikataliwi. Kamati ikatuagiza tutafute habari za watu wengine waliopata kujenga kwa njia hiyo, tuzilete hapa zipimwe. Ndizo hizi.

Habari tuliyoichagua ni ya watu weusi wa kusini mwa Marekani. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu wale walinyimwa haki kwa ajili ya rangi yao, kama walivyonyimwa wazee wetu zamani za ukoloni. Pili, hesabu zao ziliandikwa vizuri, na sisi makarani hatuna budi kuanza na hesabu.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, lakini haki zilizofuata hazikudumu. Katika jimbo la Alabama katiba ya mwaka 1901 iliwanyang'anya watu weusi karibu wote haki ya kupiga kura. Kodi waliendelea kulipa. Fedha za shule ziligawanywa na maofisa Wazungu, ambao sheria ya mwaka 1891 iliwapa uhuru wa kuzigawa kama walivyoona inafaa. Nao waliona inafaa watoto wa Kizungu wapate nyingi na watoto weusi wapate kidogo. Ndiyo maana watoto wengi weusi walisomea makanisani au katika vibanda vibovu. Wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa, wasiulizwe neno lolote juu ya matumizi yake, wangalielewa habari hii bila kufasiriwa.

Basi katika mji wa Chicago palikuwa na tajiri jina lake Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck. Mwaka 1911 alikutana na Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa. Mwaka 1912, alipotimiza umri wa miaka 50, Rosenwald alitoa dola 25,000 mkononi mwa Washington kwa kusaidia shule zilizofuata mfano wa Tuskegee. Washington akaomba ruhusa ya kutumia sehemu ndogo ya fedha hizo kujenga shule 6 vijijini, kwa sharti kwamba wanakijiji nao watoe fungu lao.

Shule ya kwanza ilimalizika mwaka 1913, mahali paitwapo Loachapoka. Hesabu yake ni hii: Rosenwald, dola 300. Wazungu wa mahali pale, dola 360. Watu weusi, dola 150 za kununulia kiwanja, na kazi ya mikono yao iliyokadiriwa kuwa dola 132 na senti 50. Jumla, dola 942 na senti 50.

Twawaomba, ndugu zetu, msiipite haraka hesabu ile ya kazi ya mikono. Watu wale hawakuwa na fedha nyingi, lakini walikuwa na mabega, misumeno na nyundo. Kama asingalikuwapo mtu wa kuandika, jasho lao lingalikauka lisionekane, na leo tungalisema kwamba walichangia kiwanja tu. Karani aliyeiandika hatumjui jina, lakini twamheshimu, kwa maana aliligeuza jasho kuwa hesabu ambayo hapana awezaye kuikana.

Kazi ile ikaenea. Mwaka 1914 Rosenwald alikubali kusaidia kujenga shule zipatazo 100, na mwaka 1917 mfuko wake ukaundwa rasmi. Ramani za mwanzo zilichorwa Tuskegee na wasanifu weusi, akiwamo Robert R. Taylor, na madirisha yaliwekwa kwa hesabu ili mtoto apate mwanga wa kutosha juu ya kitabu chake. Lakini masharti hayakulegezwa: wanakijiji lazima wachange, serikali ya mahali nayo itoe fedha na ikubali kuitunza shule, na kiwanja pamoja na jengo viwe mali ya serikali hiyo.

Michango ilipatikana kwa taabu. Wengine walitenga shamba la pamba, mazao yake yawe ya shule. Wengine waliuza kuku na nguruwe, na wanawake walipika vyakula vya kuuza. Wakala mmoja wa mfuko alieleza mambo aliyoyaona Boligee, Alabama. Mzee mmoja aliyeishi siku za utumwa alitoa kijifuko kikuukuu, akamimina mezani akiba yake yote ya maisha, dola 38, ili watoto wa wajukuu zake wapate nafasi ambayo yeye hakuipata.

Kazi ilipokoma mwaka 1932, yalikuwa yamejengwa majengo 5,357 katika majimbo 15. Katika hayo, shule zilikuwa 4,977, na yaliyobaki yalikuwa nyumba za walimu na karakana. Gharama yote ilikuwa kama dola 28,400,000. Sasa tusikilize mafungu yake. Kodi za serikali zilitoa kama dola 18,100,000. Wazungu waliochanga kwa hiari yao walitoa kama dola 1,200,000. Mfuko wa Rosenwald ulitoa kama dola 4,400,000. Na watu weusi wenyewe, wakulima wa pamba na wafua nguo, walitoa kama dola 4,700,000.

Mmesikia, mabwana. Maskini walitoa zaidi ya tajiri. Tena katika zile fedha za kodi zilikuwamo kodi zao wenyewe. Hata hivyo shule zile huitwa mpaka leo kwa jina la Rosenwald. Hatusemi haya kwa kumtukana. Alikuwa mtu wa moyo mkubwa; aliagiza hata fedha za mfuko wake zitumike zote katika muda wa miaka 25 baada ya kufa kwake. Yeye alikufa mwaka 1932, na mfuko ukafungwa mwaka 1948. Lakini hesabu ni hesabu, na fungu la mtu haliandikwi kwa jina la mwenziwe.

Faida ya kazi ile haina shaka. Mwaka 2011 wachumi wawili wa Federal Reserve Bank ya Chicago, Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder, walichapisha uchunguzi ulioonyesha ya kuwa shule hizo zilipunguza sana tofauti ya miaka ya masomo baina ya watoto weusi na weupe wa kusini. Mmoja wa waliosoma humo ni John Lewis wa Alabama, aliyepigania haki ya kupiga kura na baadaye akawa mjumbe wa Bunge la Marekani.

Lakini uchungu nao haujifichi. Mwanahistoria James D. Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 1988, aliita mambo yale kodi mara mbili. Mtu alilipa kodi, fedha yake ikapelekwa kwa watoto wa wengine. Kisha akaambiwa achange tena ili apate shule ambayo ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Na alipokwisha kuchanga, hati ya kiwanja ikakabidhiwa ofisi ambayo hakuwa na kura ya kuichagua. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua ya kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Watoto walipounganishwa katika miaka iliyofuata, nyingi za shule zile zilifungwa, na pengine wazee wa mahali walilazimika kununua tena nyumba waliyoijenga wenyewe. Siku hizi vyama vya waliosoma humo huomba ruzuku za kuyaokoa majengo yaliyosalia. Upo mfuko mmoja ulioanzishwa mwaka 2017 na National Trust for Historic Preservation kwa ajili ya kuhifadhi mahali pa historia ya Wamarekani weusi.

Pengine mtu atasema, ya Alabama yatuhusu nini? Yalitufikia, ndugu zetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo ndani yake alikuwamo Dkt. James Aggrey wa Gold Coast, ilipita katika Afrika ya Mashariki ikichunguza elimu, na mfano wa shule za vijijini za kusini mwa Marekani ulikuwa mbele ya macho yake. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, Kenya, kwa jina la bibi wa Philadelphia aliyeacha fedha kwa ajili ya shule za watu weusi wa Marekani.

Wako pia waliojaribu njia ya pili, ya kukataa kumtegemea mfadhili. Mbiyu Koinange alisoma Hampton, chuo cha watu weusi huko Marekani, na aliporudi Kenya akafungua chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939. Fedha zilitoka kwa wananchi wenyewe, rika kwa rika. Chuo kilikuwa chao kweli kweli. Lakini mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikifunga. Basi twaona ya kuwa kujenga kwa fedha yako mwenyewe hakukulindi, ikiwa huna sauti katika nchi. Na kupokea fedha za mwingine si aibu, ikiwa sauti yako imeandikwa.

Hapa twaomba ruhusa ya kusimulia jambo dogo la kwetu. Kiko kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Wazee wake walibeba mawe kutoka mtoni msimu mzima ili ukumbi ujengwe. Mfadhili alitoa mabati na saruji. Ukumbi ulipokwisha, ubao uliopigiliwa mlangoni ulitaja mabati na saruji tu. Miaka michache baadaye palitokea shauri juu ya nani mwenye haki ya kuutumia. Wazee waliitwa ofisini, wakaulizwa, "Karatasi yenu iko wapi?" Hawakuwa nayo. Wakarudi kimya. Twakijua kijiji hicho kwa sababu baba yetu alikuwa mmoja wa waliobeba mawe yale, na sisi tulikuwa tumekwisha jua kusoma na kuandika wakati ule, wala hatukuandika hata jiwe moja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizo tulidhani ya kuwa daftari ni la fedha tu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, rai yetu kwa mkutano huu ni kwamba tusikatae ruzuku wala tusiipokee mpaka mambo haya matatu yapate majibu kwa maandishi:

Kwanza, fungu la kila upande ni kiasi gani, na je, kazi ya mikono ya wanachama itakadiriwa kwa fedha na kuingizwa katika hesabu pamoja na fedha taslimu?

Pili, hati ya kiwanja itakuwa kwa jina la nani, na ikiwa jengo litafungwa siku moja, litarudi kwa nani?

Tatu, daftari la hesabu litakaa wapi, na nani katika wanachama ataruhusiwa kulifungua siku yoyote atakayo?

Kama mfadhili ni mwungwana, hatakasirishwa na maswali haya. Atafurahi kuona ya kuwa anashirikiana na watu wanaojua thamani ya kitu chao. Na kama atakasirika, hapo tumekwisha pata jibu bila gharama ya stempu.

Twakumbuka ya kuwa mwaka 1922, huko Tanga, makarani na walimu wachache wakiongozwa na Martin Kayamba walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Sisi tunaoshika kalamu leo ni warithi wao. Kalamu hiyo twaitumia kila siku kuandika mali za ofisi, hata sindano na karatasi. Si haki kwamba jasho la watu wetu liwe ndilo kitu pekee tusichokiandika.

Twaomba hoja ijadiliwe, kisha ipigiwe kura jioni hii hii. Sisi wenyewe tumekwisha leta daftari jipya. Liko mezani kwa Bwana Katibu, na ukurasa wa kwanza bado haujaandikwa kitu.