Jumba la Michezo na Mwezi wa Mavuno

(Haya ni maneno ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyoyasema mbele ya mkutano wa wazee, walimu na vijana mjini Kitale, na kuyarudia Bungoma juma lililofuata.)



Nimeombwa niseme habari za muziki na michezo ya kuigiza, na hasa habari za majira yake. Watu wengi hudhani kwamba mchezo waweza kuchezwa siku yoyote, maadamu wachezaji wapo na watazamaji wapo. Sivyo. Mchezo una majira kama yalivyo mahindi. Katika nchi za Ulaya majumba makubwa ya michezo na muziki huanza mwaka wao mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati majani ya miti yanapopukutika. Wakati wa joto wenyeji wa kule huenda pwani na mashambani kupumzika. Baridi ikiingia na usiku ukirefuka, hurudi mijini na kutafuta mahali penye taa na joto pa kukaa jioni. Basi desturi hiyo ilizaliwa na hali ya hewa ya kwao, nayo yawafaa sana.

Hapa kwetu Oktoba si mwezi wa kutafuta joto. Mtu wa Trans Nzoia aliyepanda mwezi wa Machi au Aprili, ikifika Oktoba yuko shambani anakata mahindi, anatafuta magunia, anatafuta vibarua, na kila alasiri anatazama mawingu kwa wasiwasi. Hata hivyo, majira ya michezo yaliyo mashuhuri kuliko yote katika historia ya nchi yetu yalikuwa ya mwezi wa Oktoba. Nataka niyaeleze leo kwa sababu mimi mwenyewe niliyakosa.

Mwaka ule ulikuwa 1976. Nilikuwa mwalimu kijana, nami nilipata habari kwamba katika Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi, itachezwa michezo miwili iliyotungwa na watu wa nchi hii. Mmoja ni The Trial of Dedan Kimathi, waliouandika Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Wa pili ni Betrayal in the City wa Francis Imbuga, kijana wa Maragoli, jirani zetu kabisa. Michezo yote miwili ilikuwa imechaguliwa kwenda Lagos, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanywa Januari na Februari 1977. Kabla ya kusafiri, ilionyeshwa nyumbani kwanza. Nikasema, nitakwenda. Lakini baba yangu alikuwa na ekari nne za mahindi zilizokauka, na ndugu zangu walikuwa mbali. Nikakata mahindi. Nilipopanda treni hapo Bungoma mwezi ulikuwa umekwisha, na nilipofika Nairobi michezo ilikuwa imekwisha pia. Nililiona jumba kwa nje, nikala chapati, nikarudi.

Simlaumu mtu kwa hayo. Lakini tangu siku ile nimejiuliza: jumba lile ni la nani, na ni nani aliyepanga kalenda yake?

Jumba la Michezo la Taifa lilifunguliwa mwezi wa Novemba 1952. Tazameni tarehe hiyo kwa makini. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na majuma machache tu baadaye pazia likafunguliwa katika jumba jipya, mkabala wa Hoteli ya Norfolk. Kule misituni na vijijini watu wanakamatwa. Humu ndani wageni waheshimiwa wanapiga makofi. Tena mahali penyewe pana kumbukumbu nyingine. Karibu na hapo, tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika penye kituo cha polisi kudai Harry Thuku afunguliwe, na watu wakapigwa risasi, miongoni mwao yule mama shujaa Mary Muthoni Nyanjiru. Jumba lilijengwa kwa jina la utamaduni, lakini kwa miaka mingi lilikuwa jumba la Wazungu wa mjini. Walicheza michezo ya kwao kwa lugha yao, wakafuata desturi zao hata katika mambo ya majira. Hata baada ya uhuru wa 1963 mambo hayakubadilika upesi.

Basi ikaja Oktoba 1976. Michezo yetu miwili ilitaka nafasi, na wenye kupanga siku walikuwa wamekwisha kuwaahidi wengine: kundi la wacheza baleti kutoka Ufaransa, na mchezo wa nyimbo na vichekesho uitwao A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Ngũgĩ aliyaandika mambo hayo baadaye kwa uchungu. Mwisho wa mabishano, michezo ya Kenya ilipewa siku nane, nne kwa kila mchezo. Fikirini, ndugu zangu! Jumba lina jina la taifa, mwezi wenyewe ni ule tunaowakumbuka mashujaa, mchezo ni wa Kimathi aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, miaka ishirini kamili kabla, na wenye nchi wanapewa siku nne.

Lakini siku zile zilitosha kuonyesha jambo. Seth Adagala ndiye aliyeuongoza mchezo wa Kimathi, naye Tirus Gathwe akauongoza ule wa Imbuga. Jumba lilijaa. Waliokuwapo hueleza kwamba mchezo wa Kimathi ulipofika mwisho, wachezaji walishuka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya watazamaji, nao watazamaji wakainuka na kuwafuata mpaka nje, wakacheza barabarani usiku, mbele ya hoteli ile ile. Nimesoma mchezo huo mara nyingi, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili pia, kwani ulitafsiriwa na Raphael Kahaso mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kila nikifika mwisho wake naweka kitabu chini. Kitabu hakina barabara ya kuchezea.

Yaliyofuata mwayajua, nami nitayapita upesi. Ngũgĩ aliliacha jumba la mjini akaenda kwa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wakajenga uwanja wa wazi kwa mikono yao, na tarehe 2 Oktoba 1977, siku ya Jumapili, wakaanza kuonyesha Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, mchezo alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ya wakati ule ikaifuta ruhusa katikati ya Novemba. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 uwanja ule ukabomolewa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye jambo langu. Watu wa Kamĩrĩĩthũ walifanya mazoezi yao Jumamosi na Jumapili alasiri. Kwa nini? Kwa sababu siku nyingine walikuwa kazini, katika mashamba na katika kiwanda. Nao mchezo ulionyeshwa alasiri, kwa kuwa usiku wa Limuru ni baridi kali. Yaani waliuliza kwanza, “Mtu wetu anafanya kazi lini, na anapumzika lini?” kisha ndipo wakapanga mchezo. Hawakuazima kalenda ya mtu. Mimi naona jambo hilo lina maana sawasawa na maneno yaliyosemwa jukwaani, ingawa wasomi hulitaja kwa kupita tu.

Sisi wa pande hizi tulikwisha lijua zamani. Wabukusu hutahiri kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kwa desturi ni mwezi wa Agosti. Mkiyatazama majira hayo kwa jicho la mtu wa michezo, mtashangaa jinsi yalivyopangwa. Palizi imekwisha na mavuno makubwa ya mahindi bado. Wimbi la busaa lapatikana, na watoto wako likizoni. Kijana hushika njuga zake za chuma, chinyimba, akazipiga mikononi huku akienda kuwaalika jamaa, kijiji kwa kijiji, na nyuma yake wimbo unaongezeka watu kama mto unavyoongezeka maji. Huenda kwa mjomba, akavishwa nyama kifuani. Alfajiri hupelekwa mtoni, akapakwa tope, akarudi na umati ukimwimbia sioyaye, mpaka aliposimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Hakuna mtazamaji aliyeketi. Na anayecheza ndiye atakayelipa kwa damu yake mwenyewe.

Kuna kijana aliyeniuliza kule Kimilili, “Mwalimu, kwa nini tusiipandishe sioyaye jukwaani, watalii wakalipa?” Nilimjibu, na leo nawajibu wote: hapana. Wimbo ule una siku yake, na mtu wake, na njia yake kutoka mtoni. Ukiuimba mwezi wa Machi penye viti vya plastiki, umechukua ganda ukaacha kiini. Wazee wanaokataa jambo hilo nawaunga mkono kabisa. Lakini wale wanaokataa pia litungu na siiriri zisipigwe mbele ya watu, ati ni vitu vya nyumbani tu, hao siwaungi mkono. Mpiga litungu tangu zamani aliitwa penye pombe, penye arusi, penye matanga. Aliwasifu watu na kuwasema waliokosa, nao walimtuza. Nyuzi zake saba hazikuogopa watu wengi. Ngoma ya kamabeka, ya kutikisa mabega, nayo vivyo hivyo. Hizi zaweza kupanda jukwaani bila kuvunja kitu, nazo zikikaa nyumbani tu zitakufa pamoja na wenye kuzipiga. Wanaoweza kutengeneza siiriri nzuri sasa si wengi, na vijana wanaojifunza ni wachache kuliko hao.

Mtasema, shule zetu zinafanya kazi hiyo. Ni kweli, nami nazisifu. Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927, na ya michezo ya kuigiza ya shule mwaka 1959. Kwanza yalikuwa ya Wazungu zaidi, lakini watoto wetu wameyachukua yakawa yao. Lakini yana kasoro mbili. Ya kwanza, mchezo wa mtoto huenda wilaya, ukaenda jimbo, ukaenda taifa, na mzazi wake aliyelipa karo hauoni. Majaji wauona. Ya pili ni hofu. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa wasichana wa Butere, hapa hapa magharibi, ulikatazwa usiingie mashindano ya taifa mpaka Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Mwezi wa Aprili 2025 shule ile ile ilikwenda Nakuru na mchezo wa Echoes of War, nao pia kwa amri ya mahakama. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kucheza, na nje polisi wakawarushia watu gesi ya machozi. Mchezo unaochezwa mahali pamoja tu, siku moja tu, mbele ya wakubwa, ni rahisi sana kuuzima. Unaochezwa Kitale, ukachezwa Webuye, ukachezwa Chwele, ni kazi kuuzima.

Jumba la Nairobi lilitengenezwa upya, likafunguliwa tena Septemba 2015. Imbuga alifariki mwaka 2012, Mĩcere mwaka 2023, Ngũgĩ mwezi wa Mei 2025. Kwa hiyo waliokuwa vijana katika Oktoba ile wamekwenda au wamezeeka kama mimi. Nami sina haja tena ya kupanda gari usiku kucha kwenda kutazama mchezo.

Basi nileteni mnakotaka, nami niseme ninalotaka. Naomba tuwe na majira yetu wenyewe, Kitale na Bungoma pamoja. Tusiyaweke Oktoba. Tuyaweke Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, ambao hauna tohara, ili wazee wasitoke katika shughuli moja kuingia nyingine. Jumamosi na Jumapili alasiri tu, ili mtu wa Kwanza aweze kufika na kurudi kabla ya giza. Kitale tuombe uwanja wa makumbusho, yale yaliyotokana na mkusanyo wa Kanali Stoneham; pana miti, pana kivuli, na hapahitaji taa. Bungoma tutafute ukumbi wa shule, maana likizo itakuwa imeanza. Wasabaoti waje na nyimbo zao za mlimani, Wapokoti na zao, Waturkana na Wakikuyu wa mjini pia, kwani Trans Nzoia si nyumba ya kabila moja. Na Betrayal in the City uchezwe walau mara moja, kwa Kiswahili.

Wako watakaosema hakuna fedha. Nimehesabu: viti twavyo, miti ipo, wapiga litungu hawaombi zaidi ya nauli na chakula. Kitu tusichokuwa nacho ni orodha. Sijui ni nani katika Bungoma nzima anayeweza kunitajia wapiga siiriri kumi na mahali wanapokaa. Kwa hiyo nimekuja na daftari. Mkutano ukiisha nitaketi pale chini ya mfudu, na kila anayemjua mpigaji, mwimbaji, au mtu mwenye mchezo uliokaa sandukuni, na aje aniandikishe jina na kijiji. Anayejua kuandika amsaidie asiyejua. Daftari lina kurasa mia mbili, na kwa sasa limeandikwa majina matatu, moja likiwa langu.