Mafuta ya nguruwe hayaji kwa bahati

Msikilizaji, wasiokula nyama hii watanisamehe, lakini wapo wengi hapa Dar es Salaam ambao jioni ikifika huelekea moja kwa moja kula kitimoto. Swali lao kwa mwuzaji ni moja tu: kilo bei gani? Leo nasema swali hilo halitoshi.

Juzi nyama ilikuwa kavu, leo mafuta yamelegea na kuteleza kwenye kisu. Hulaumiwa mchomaji. Mara nyingi hana kosa. Jambo hilo liliamuliwa mapema, bandani.

Kwanza ni mbegu. Landrace na Large White wamechaguliwa kwa miaka mingi ili watoe nyama nyingi na mafuta kidogo. Nguruwe wa Hispania aitwaye Ibérico huhifadhi mafuta hata ndani ya msuli, ndiyo maana nyama yake haikauki.

Pili ni chakula na mazingira. Ng'ombe huyabadili mafuta ya malisho tumboni kabla hayajaingia mwilini. Nguruwe hana tumbo la namna hiyo. Mlishe mafuta mengi ya soya, na yake hulegea na kuharibika upesi. Mzidishie dagaa hadi siku za mwisho, nyama itanuka samaki. Joto nalo lina lake: nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho, hivyo banda likiwa kama tanuri hupunguza kula na hukua polepole. Na akisukumwa na kupigwa siku ya kuchinjwa, nyama huweza kupauka na kutoa maji.

Wahispania wameligeuza jambo hili kuwa fedha. Msimu wa matunda ya mialoni, nguruwe hao huachwa wajitafutie chini ya miti. Mafuta yao huyeyuka kwa joto la vidole, lakini yana ladha na hayaharibiki upesi. Tangu mwaka 2014 sheria inataka paja lililokaushwa liwe na lebo ya rangi: nyeusi kwa mbegu halisi iliyonenepeshwa kwa matunda hayo, nyeupe kwa aliyelishwa bandani.

Kwetu mfugaji mara nyingi hulipwa kwa uzito tu. Aliyejinyima akanunua chakula safi na kujenga banda lenye hewa hupata bei ileile ya jirani aliyelisha chochote. Kesho naye atalisha chochote.

Basi, kabla ya kuuliza bei, uliza: huyu ni wa mbegu gani, na alikula nini? Mwuzaji akiulizwa na wateja kumi, naye atamwuliza mfugaji.