Kumulika Msuli wa Moyo

Mshipa unaolisha moyo ukiziba, msuli hukosa damu. Je, msuli huo umeshakufa au ungali hai? Matibabu yanategemea jibu hilo.

Ili kujua, mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye teknetiamu-99m, inayotoa mionzi. Damu huifikisha kwenye msuli wa moyo, kisha kamera ya gama huzunguka kifuani ikipiga picha: moyo ukiwa umetulia, na tena baada ya kukimbizwa kwa mazoezi au dawa. Doa, yaani sehemu isiyofikiwa vizuri na dawa, likionekana kwenye picha ya mazoezi pekee, msuli uko hai ila mshipa umebanwa. Mgonjwa huyo ana nafasi kubwa ya kusaidika. Likibaki kwenye picha zote, mara nyingi ni kovu.

Mionzi inatisha, najua. Lakini nguvu ya teknetiamu-99m hupungua kwa nusu kila saa 6, na sehemu ya dawa hutoka kwa mkojo. Mama mjamzito au unayenyonyesha, mwambie daktari kabla ya sindano.

Na kifua kikikubana ghafla, usilale kwanza wala kusubiri kipimo hiki. Msikilizaji wa Chimwaga, Iyumbu na Dodoma nzima, wahi Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo jirani.