Kuchagua Rafadha ya Boti ya Chama

(Maneno ya hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya wavuvi)



Nimeombwa nizungumze juu ya kitu ambacho jina lake halimo katika daftari zetu za hesabu, ingawa gharama zake zimo tele. Kitu hicho ni rafadha, ambayo wavuvi wetu huiita propela. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mkaguzi wa vitabu amepata wapi habari za mashine. Nilizipata kwa aibu, na aibu hiyo naomba niisimulie kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha wavuvi, ambacho jina lake naliacha. Chama kilikuwa na boti ya mbao yenye kibanda na injini moja ya dizeli, iliyonunuliwa kwa mkopo. Kazi yake ilikuwa kupeleka barafu na watu visiwani na kurudi na samaki. Katika daftari la mafuta niliona kwamba kwa muda mrefu safari moja ilitumia lita 60 au pungufu kidogo. Kisha, kuanzia mwezi fulani, safari ile ile ikatumia lita 80, na mara nyingine zaidi. Samaki hawakuongezeka wala njia haikurefuka. Niliandika katika taarifa yangu kwamba zipo dalili za mafuta kupotea mikononi mwa wahusika. Halmashauri haikungoja kuambiwa mara mbili. Nahodha akasimamishwa kazi. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na alipoitwa kujieleza alisema neno moja tu: "Iulizeni mashine." Wako waliocheka.

Akaja nahodha mwingine, na mafuta yakaendelea kwisha vile vile. Mwezi wa tatu vali za kutolea moshi zikaungua, boti ikavutwa hadi pwani. Fundi aliyeitwa hakuuliza habari za nahodha. Aliuliza, "Propela hii mmeinunua lini?" Katibu akafungua jalada na kutoa stakabadhi. Tarehe yake ilitangulia kwa siku chache tu ule mwezi ambao mafuta yalianza kupanda. Na juu ya stakabadhi ile palikuwa na alama ya wino wa kijani, yaani alama yangu mimi. Nilikwisha kuikagua, nikaona jumla ni sahihi na sahihi zipo, nikapita.

Ya kwanza ilikuwa imevunjika panga moja juu ya mwamba. Dukani haikupatikana iliyo sawa nayo, na muuzaji akawapa nyingine akisema kwamba ni kubwa zaidi na bei ni nafuu, basi wamepata faida. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Ndugu zangu, katika kitovu cha kila rafadha hupigwa chapa ya namba mbili. Iliyovunjika ilikuwa 20 kwa 14. Mpya ilikuwa 20 kwa 18. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga, kwa inchi. Namba ya pili ni hatua: mwendo ambao rafadha ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, kama parafujo ipenyavyo ubao. Rafadha yenye hatua ya 18 inataka kuisukuma boti inchi 18 kila inapozunguka mara moja, na kwa hiyo inahitaji nguvu nyingi zaidi kuzungushwa. Mzigo huo haubebwi na nahodha, unabebwa na injini.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Injini ile ilitengenezwa kufikia mizunguko 2,400 kwa dakika. Giaboksi yake hupunguza mizunguko kwa nusu, basi shafti huzunguka mara 1,200. Mara 1,200 kwa inchi 14 ni inchi 16,800, ambazo ni futi 1,400 kwa dakika, au futi 84,000 kwa saa. Maili ya bahari ni kama futi 6,080. Kwa karatasi, boti ingekwenda karibu maili 14 kwa saa. Kwa kweli ilikwenda maili saba. Zilizobaki zimepotea wapi? Zimepotea katika mtelezo, kwa sababu maji si ubao. Kwa boti nzito ya kazi, mtelezo wa theluthi moja hadi nusu ni jambo la kawaida.

Wajumbe wa halmashauri waliamini kwamba hatua kubwa italeta mwendo mkubwa. Lakini boti nzito isiyopanda juu ya maji hufungwa na wimbi lake yenyewe. Chukua urefu wake kwenye mstari wa maji kwa futi, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Boti ya futi 30 itapata maili saba na kitu kidogo. Ukitaka kuipitisha hapo utamwaga mafuta mengi kwa mwendo mdogo sana. Mwingereza Francis Pettit Smith, aliyesajili rafadha yake mwaka 1836, alianza na parafujo ndefu ya mbao. Katika majaribio ya mwaka uliofuata kipande cha parafujo kilivunjika, na mashua ikakimbia zaidi kuliko mwanzo! Hata yeye alikuwa amedhani kirefu ndicho bora.

Sasa, katibu asiyekuwa fundi atajuaje kama rafadha inafaa? Lipo jaribio moja, nalo halihitaji elimu kubwa. Soma kwanza katika kibao cha injini, au katika kitabu chake, mizunguko ya juu iliyowekwa na mtengenezaji. Pakia boti mzigo wake wa kawaida, barafu, mafuta na watu. Nenda kwenye maji yenye kina, siku ya shwari, fungua mafuta yote kwa dakika chache, kisha tazama saa ya mizunguko. Ikifika kwenye namba ya mtengenezaji au ikapita kidogo, rafadha inafaa. Isipofika, na moshi ukawa mweusi, rafadha ni nzito mno: hatua imezidi, au kipenyo. Boti yetu ilipojaribiwa haikupita 2,000. Dizeli ilikuwa ikiingia bila kuungua yote, na ile iliyobaki ikatoka kwa bomba ikiwa moshi na masizi. Ndiyo lita 20 nilizodhani zimeuzwa kwenye madumu.

Kinyume chake pia ni hasara. Injini ikifika namba yake upesi mno, hata kabla mafuta hayajafunguliwa yote, na boti bado inajikokota, rafadha ni nyepesi, na safari itachukua muda mrefu kuliko inavyostahili.

Lakini kabla ya kuilaumu rafadha, pandisheni boti mchangani mtazame tumbo lake. Mwani na makombe yaliyoganda vinaweza kuleta dalili zile zile za rafadha nzito, na dawa yake ni kukwangua na kupaka rangi tu. Nimeona chama kikiagiza rafadha mpya mahali palipohitaji makwangulio mawili na vijana wanne.

Ikibidi kubadili, badilini hatua kwanza. Kipenyo kinatawaliwa na nafasi iliyopo chini ya boti. Kati ya ncha ya panga na mbao ibaki nafasi isiyopungua sehemu moja ya kumi ya kipenyo, na ikizidi ni bora, la sivyo boti itatetemeka hadi misumari ilegee. Tena, inchi moja ya kipenyo huielemea injini kiasi cha inchi mbili au tatu za hatua, basi si jambo la kuchezea. Karakana yenye vipimo inaweza kupunguza au kuongeza inchi moja ya hatua kwa kuyapinda mapanga, kwa gharama ndogo kuliko ya kununua.

Andikeni pia katika hati ya kuagiza upande wa mzunguko. Rafadha ya kulia, ukisimama nyuma ya boti inapokwenda mbele, huzunguka kama mishale ya saa. Ya kushoto ni kinyume, na haiwezi kuwekwa mahali pake. Boti ya injini moja yenye rafadha ya kulia, ikirudi nyuma, huvutwa tezi upande wa kushoto, na manahodha wetu wameizoea tabia hiyo wanapoikaribia gati.

Nahodha yule alilipwa mishahara yake yote ya miezi aliyosimamishwa, na muhtasari wa mkutano mkuu una maneno ya kumwomba radhi. Niliomba nafasi nikasimama, nikayasema kwa mdomo wangu pia. Alinipokea mkono, lakini kazini hakurudi. Alikwisha kupata boti ya mtu mwingine.

Neno langu la mwisho ni juu ya akiba. Mwenye injini mbili akivunja rafadha moja atarudi kwa ile nyingine. Sisi wenye injini moja, tukiivunja wakati wa kusi, tumebaki mikononi mwa mkondo. Kwa hiyo rafadha ya pili, yenye namba zile zile, pamoja na nati yake, chabi yake na pini yake, ikae ndani ya kibanda, isifungiwe ofisini. Iandikwe katika daftari la mali kwa namba zake mbili na upande wake wa mzunguko. Nitakapokuja kukagua nitaomba kuiona, nami nitakuja na futi yangu.